Mmea wa ZZ Nyumbani: Maji Kidogo, Mwanga wa Kutosha na Usalama wa Watoto

Wakazi wa Kaunti ya Kilifi wanaotunza mimea ya majani sebuleni, ofisini, madukani na hotelini wanashauriwa kupunguza maji wanayoipa mimea hiyo, kuweka vyungu mbali na watoto wadogo, na kumwaga maji yanayotuama kwenye visahani angalau mara moja kila wiki. Ushauri huu unahusu hasa mmea wa ZZ, ambao siku hizi huonekana katika vitalu vingi vya miche kando ya barabara ya Mombasa kuelekea Malindi.

Mmea huu unapendwa kwa sababu majani yake hung'aa, hauhitaji jua kali, na unaweza kukaa wiki kadhaa bila maji. Hata hivyo, wengi walioununua wameupoteza katika miezi michache ya kwanza. Mara nyingi chanzo huwa kumwagiliwa kila siku kama sukumawiki. Makala haya yanaeleza jinsi mmea huu unavyoishi, jinsi ya kuutunza, na hatari zinazoweza kuepukwa nyumbani.

Mmea wa ukanda wetu

Jina la kitaalamu la mmea wa ZZ ni *Zamioculcas zamiifolia*, na herufi mbili za Z zimetokana na jina hilo. Ng'ambo hujulikana pia kwa jina lenye maana ya johari ya Zanzibar. Ingawa wanunuzi wengi hudhani umeletwa kutoka nchi za mbali, asili yake ni Afrika ya mashariki na kusini. Huota porini kuanzia Kenya, kupitia Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, hadi Afrika Kusini. Makao yake ni misitu mikavu na vichaka vyenye mawe, chini ya kivuli cha miti.

Wataalamu wa mimea wa Ulaya waliuandika kwa mara ya kwanza mwaka wa 1829. Jina la *Zamioculcas* lilitolewa mwaka wa 1856, na sehemu yake ya pili inatokana na jina la kale la magimbi katika nchi za Mashariki ya Kati, kwa kuwa mimea hii miwili ni ya jamii moja. Kwa zaidi ya karne moja haukuwa na soko kubwa, hadi wakuza maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi katika miaka ya 1990. Kutoka huko ulisambaa katika nyumba na ofisi za dunia nzima, na sasa unauzwa hata hapa pwani kama mmea wa kigeni.

Asili hii ndiyo inayoeleza matunzo yake. Mmea uliozoea kivuli cha msitu mkavu, wenye miezi ya mvua na miezi ya ukame, hautaki jua la mchana wala udongo wenye majimaji wakati wote.

Jinsi unavyoweka akiba ya maji

Kila ufito unaochomoza kutoka udongoni, ambao wengi huuita shina, kwa kweli ni jani moja refu. Majani madogo yaliyopangwa pande zake mbili ni sehemu za jani hilo moja. Shina lenyewe limo chini ya udongo. Ni nene, lina umbo la kiazi, na huitwa tunguu.

Maji huhifadhiwa katika tunguu, katika sehemu ya chini ya ufito iliyovimba, na katika majani. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa majani mabichi na fito zake ni maji. Wakati wa ukame mkali, mmea unaweza hata kuangusha majani yake madogo na kubaki na fito na tunguu, kisha ukachipua tena mvua inaporudi.

Kwa hiyo, mmea wa ZZ ulio chunguni unapoanza kuonekana umedhoofika, si lazima uwe na kiu. Tunguu lililojaa maji likikaa katika udongo uliolowa hukosa hewa, na vimelea vya ukungu hulishambulia na kuliozesha. Fito hugeuka manjano, na mwenye mmea akiongeza maji kwa kudhani umekauka, hali huzidi kuwa mbaya.

Kumwagilia: angalia udongo, usiangalie kalenda

Kanuni ni moja: mmea umwagiliwe pale tu udongo wote wa chungu unapokuwa umekauka. Udongo wa juu hukauka haraka na unaweza kumdanganya mtu huku chini kukiwa bado na unyevu. Zipo njia mbili rahisi za kuhakikisha.

Njia ya kwanza ni ya kijiti. Chukua kijiti kikavu kirefu, kikite taratibu karibu na ukingo wa chungu hadi chini, ukiache dakika kumi, kisha kitoe. Kikitoka na udongo ulioganda au kikiwa na unyevu, subiri. Kikitoka kikavu na kisafi, mwagilia.

Njia ya pili ni ya uzito. Nyanyua chungu mara baada ya kumwagilia na kukumbuka uzito wake. Kikiwa kikavu kitakuwa chepesi kwa kiasi ambacho mkono unakitambua mara moja.

Unapomwagilia, mwaga maji polepole juu ya udongo hadi yaanze kutoka kwenye matundu ya chini. Acha chungu kichuje kwa nusu saa, kisha mwaga maji yote yaliyobaki kwenye kisahani. Kumwagilia kijiko kimoja kila siku hakufai, kwa sababu mizizi ya chini hukosa maji huku udongo wa juu ukibaki umelowa.

Kwa chungu cha ukubwa wa kati kilicho karibu na dirisha, muda wa kawaida ni wiki mbili hadi tatu kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Katika chumba chenye mwanga hafifu, muda unaweza kufika wiki nne au zaidi. Majira nayo huleta tofauti. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto na upepo hukausha udongo mapema. Wakati wa masika, na katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, hewa ya pwani huwa na unyevu mwingi na udongo huchelewa kukauka. Ofisi yenye kiyoyozi pia ina hali yake, hivyo kijiti ni mwongozo bora kuliko tarehe.

Mkazi anayesafiri kwa wiki tatu hana haja ya kumwachia jirani kazi ya kumwagilia. Inatosha kumwagilia vizuri siku moja kabla ya safari na kusogeza chungu mbali kidogo na dirisha.

Maji ya kisima yenye chumvi

Katika sehemu nyingi za pwani, maji ya visima yana ladha ya chumvi. Maji haya yakitumika muda mrefu kwenye chungu, chumvi hujikusanya kwenye udongo kwa kuwa haina pa kwenda. Dalili zake ni ukoko mweupe juu ya udongo au ukingoni mwa chungu, na ncha za majani kuwa za kahawia.

Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye paa safi ndiyo bora zaidi. Kwa kuwa mmea huu hunywa maji kidogo, ndoo moja ya maji ya mvua yaliyofunikwa vizuri inaweza kuuhudumia kwa muda mrefu. Pale ambapo maji ya kisima ndiyo pekee yanayopatikana, inafaa kuosha udongo kila baada ya miezi mitatu au minne wakati wa mvua. Chungu hupelekwa nje kivulini, maji ya mvua yanamwagwa kwa wingi mara mbili au tatu yakipita hadi chini, kisha chungu kinaachwa kichuje kabisa kabla ya kurudishwa ndani.

Maji yaliyotumika kuoshea vyombo au nguo hayafai, kwa sababu sabuni nyingi zina chumvi zinazodhuru mizizi.

Mahali pa kuweka chungu

Mmea wa ZZ huvumilia mwanga mdogo, lakini kuvumilia si sawa na kustawi. Katika pembe yenye giza utaishi miezi mingi bila kutoa ufito mpya, na fito zilizopo zitarefuka na kulalia upande wa mwanga.

Kipimo rahisi ni gazeti. Ikiwa mtu anaweza kulisoma saa sita mchana pale chungu kilipo bila kuwasha taa, mwanga unatosha. Mahali pazuri ni mita moja hadi mbili kutoka dirishani, au karibu zaidi na dirisha lenye pazia jepesi. Barazani panafaa pia, mradi kuna kivuli siku nzima.

Jua la moja kwa moja, hasa la alasiri, huunguza majani na kuacha mabaka makavu yasiyopona. Mmea uliozoea chumba haupaswi kutolewa nje juani ghafla, hata kwa nia ya kuuchangamsha. Kila baada ya wiki mbili, chungu kizungushwe robo mzunguko ili fito zikue zikiwa zimenyooka.

Joto la Kilifi linaufaa mmea huu mwaka mzima. Tahadhari ni kwa vyumba vyenye kiyoyozi: chungu kisiwekwe pale upepo wa mashine unapopiga moja kwa moja.

Udongo na chungu

Udongo mzito wa mfinyanzi hushika maji muda mrefu na haufai peke yake. Mchanganyiko unaofaa, na ambao vifaa vyake vinapatikana hapa, ni huu:

- sehemu mbili za udongo wa kawaida wa shambani;
- sehemu moja ya mchanga wa mto ulio na chembe kubwa;
- sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri, au makumbi ya nazi yaliyopondwa.

Makumbi yalowekwe na kuoshwa kwa maji safi mara mbili au tatu kabla ya kutumika, kwa sababu mara nyingi huwa na chumvi. Mchanga wa baharini usitumike kamwe. Samadi mbichi nayo isitumike, kwa kuwa hutoa joto inapooza na kuunguza mizizi.

Chombo chochote kinafaa, liwe debe, ndoo iliyopasuka ukingo au mtungi wa plastiki uliokatwa, mradi kina matundu ya kutosha chini. Chungu cha udongo wa kufinyangwa hukauka haraka kuliko cha plastiki, hivyo kinamfaa mtu mwenye mazoea ya kumwagilia mno. Chombo kizuri kisicho na tundu kitumike kama pambo la nje tu, huku mmea ukiwa ndani ya chombo kingine chenye matundu.

Kosa la kawaida ni kupanda mmea mdogo katika chungu kikubwa ili usihamishwe tena. Udongo mwingi usio na mizizi hubaki umelowa kwa wiki nyingi na kuozesha tunguu. Chungu kipya kisizidi kile cha zamani kwa zaidi ya sentimita tano kwa upana. Kuhamisha hufanywa kila baada ya miaka miwili hivi, au pale matunguu yanaposukuma kuta za chombo cha plastiki hadi kupinda. Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua, na baada ya kuhamisha mmea usimwagiliwe kwa siku tatu au nne ili mizizi iliyokwaruzwa ipone.

Mbolea na usafi

Mmea huu hukua polepole na hauhitaji mbolea nyingi. Mbolea ya maji ya mimea, ikipunguzwa hadi nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, inatosha mara moja kila baada ya miezi miwili au mitatu. Itolewe udongo ukiwa na unyevu kidogo, na isitolewe kabisa kwa mmea mgonjwa au uliohamishwa hivi karibuni. Mkazi asiyenunua mbolea anaweza kuongeza viganja viwili vya mboji juu ya udongo mara moja kwa mwaka.

Vumbi hufunika majani na kupunguza mwanga unaoyafikia. Yapanguswe kwa kitambaa laini chenye maji safi kila baada ya wiki chache. Mafuta ya kupikia, mafuta ya nazi au maziwa yasipakwe kwa ajili ya kung'arisha, kwa sababu huziba vinyweleo vya majani na kuvuta vumbi na wadudu.

Kusoma dalili za mmea

- *Fito za manjano na laini upande wa chini, udongo ukiwa umelowa:* maji yamezidi na huenda tunguu limeanza kuoza.
- *Fito zilizonyauka na kukunjamana, majani madogo yakianguka, udongo ukiwa mkavu kabisa:* mmea una kiu. Umwagilie vizuri, nao utarudi katika hali yake.
- *Mabaka makavu upande unaoelekea dirisha:* jua limeunguza majani. Sogeza chungu.
- *Ncha za kahawia na ukoko mweupe juu ya udongo:* chumvi au mbolea imezidi. Osha udongo.
- *Fito ndefu zilizolala upande mmoja:* mwanga hautoshi.
- *Vidonge vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani:* vidung'ata. Wapanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, suuza kwa maji safi, na urudie kila wiki hadi waishe. Chungu kitengwe na mimea mingine.
- *Visubi weusi wanaoruka juu ya udongo:* udongo umelowa kwa muda mrefu. Uache ukauke.

Ufito mmoja wa zamani ukigeuka manjano huku mingine ikiwa na afya, ni uzee wa kawaida na hakuna haja ya hofu.

Mmea ulioanza kuoza unaweza kuokolewa. Utoe chunguni, ukung'ute udongo wote, kata sehemu zote laini na nyeusi kwa kisu safi hadi ifikiwe nyama ngumu ya tunguu. Uache kivulini siku mbili au tatu ili vidonda vikauke, kisha uupande katika udongo mpya mkavu. Maji ya kwanza yasubiri wiki moja.

Watoto na mifugo

Sehemu zote za mmea wa ZZ zina fuwele ndogo sana zenye ncha kali. Ni fuwele za aina ileile zinazofanya gimbi au nduma mbichi kuwasha mdomoni na mikononi kabla ya kupikwa. Mwenzake wa kitalu, ule wenye majani makubwa ya madoadoa meupe unaoitwa *Dieffenbachia*, una fuwele hizi na unaweza kuleta uvimbe mkali zaidi. *Monstera* yenye majani yaliyotoboka, na ile mimea itambaayo inayowekwa ndani ya chupa za maji, pia ni ya jamii hii.

Mtoto akitafuna jani, anaweza kupata maumivu na mwasho mdomoni, kutokwa na mate mengi, kuvimba midomo au ulimi, na kutapika. Utomvu ukiingia machoni huuma sana, na ukigusa ngozi unaweza kuleta mwasho. Paka, mbwa, mbuzi na wanyama wengine hudhurika kwa njia hiyohiyo.

Hilo likitokea, hatua ni hizi:

1. Toa mabaki ya jani mdomoni kwa kidole kilichofungwa kitambaa safi, na usafishe mdomo kwa maji.
2. Mpe mtoto maji baridi au maziwa kidogo kidogo, ikiwa anaweza kumeza.
3. Usimlazimishe kutapika, kwa sababu fuwele zitachoma koo mara ya pili.
4. Kama utomvu umeingia jichoni, liosheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15.
5. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu bila kuchelewa akivimba ulimi au koo, akishindwa kumeza, akipumua kwa shida, au akiendelea kulia kwa maumivu ya jicho. Chukua kipande cha jani ili mhudumu wa afya autambue mmea.

Kwa kawaida madhara huishia mdomoni, kwa sababu mwasho humfanya mtoto ateme haraka. Hata hivyo, nyumba yenye mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea inafaa kuweka chungu juu ya meza imara au rafu asiyoweza kuifikia wala kuiangusha. Majani yaliyoanguka yaokotwe kila siku. Anayekata au kuhamisha mmea avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, na anawe kwa sabuni baada ya kazi.

Uvumi unaoenezwa kwamba mmea wa ZZ husababisha saratani kwa kukaa nao chumbani hauna msingi wa kisayansi. Hatari yake ni ya kutafunwa na ya utomvu. Kuupita, kuugusa juu juu au kulala chumba kimoja nao hakuna madhara.

Kisahani chenye maji ni nyumba ya mbu

Kisahani cha chini ya chungu ni kidogo, lakini kinatosha kuzalisha mbu aina ya *Aedes aegypti*, anayeeneza homa ya dengue na chikungunya. Mbu huyu hupenda maji yaliyotuama katika vyombo vidogo karibu na watu, na huuma mchana, wakati ambapo watu wengi hawako ndani ya chandarua. Pwani ya Kenya imekwisha kuona milipuko ya magonjwa haya, ukiwemo wa chikungunya wa Lamu mwaka wa 2004, wa dengue wa Mombasa mwaka wa 2013, na wa chikungunya wa Mombasa ulioanza mwishoni mwa 2017.

Katika joto la pwani, yai huweza kuwa mbu mzima kwa takriban siku 7 hadi 10. Ndiyo maana wiki moja ndiyo kipimo: maji yakimwagwa kila wiki, viluwiluwi hufa kabla ya kupata mabawa. Kumwaga pekee hakutoshi, kwa kuwa mayai hushika kwenye kuta za chombo na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji. Kisahani kisuguliwe kwa brashi na sabuni, au kijazwe mchanga mkavu ili maji yasituame juu. Mimea inayokuzwa ndani ya chupa za maji nayo ibadilishwe maji na chupa isuguliwe kila wiki.

Tabia inayouokoa mmea wa ZZ, yaani kutouacha ukae majini, ndiyo hiyohiyo inayoikinga familia na majirani.

Mmea hausafishi hewa ya chumba

Wauzaji wengine husema kwamba chungu kimoja kinatosha kusafisha hewa ya nyumba. Dai la aina hii hutegemea utafiti uliofanywa na NASA nchini Marekani mwaka wa 1989, ambapo mimea iliwekwa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Wanasayansi waliopitia upya tafiti kama hizo mwaka wa 2019 walikadiria kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili kulingana na hewa inayoingia na kutoka katika jengo la kawaida.

Kwa hiyo mmea upendwe kwa uzuri wake. Moshi wa jiko la makaa au la kuni, na gesi ya sumu isiyo na harufu inayotokana na makaa, haviondolewi na majani. Dawa yake ni dirisha lililo wazi, na jiko la makaa kutolewa nje wakati wa kulala.

Kuzidisha miche bila kuingia msituni

Njia ya haraka ya kupata mche mpya ni kugawanya. Wakati wa kuhamisha chungu, matunguu hutenganishwa, kila moja likibaki na ufito na mizizi yake, na kupandwa peke yake.

Njia ya pili ni ya jani dogo. Jani hukatwa karibu na ufito, huachwa likauke siku moja, kisha upande uliokatwa hufukiwa kwa kina cha sentimita mbili katika mchanga wenye unyevu kidogo na kuwekwa kivulini. Tunguu dogo hujitokeza baada ya wiki kadhaa, lakini ufito wa kwanza unaweza kuchukua miezi sita hadi mwaka mzima. Wengi hutupa majani haya wakidhani yamekufa, kumbe kazi inaendelea chini ya udongo. Kikundi cha vijana au akina mama kinachoanzisha kitalu kinaweza kuanza na mimea michache tu, mradi kiwe na subira. Anayefikiria soko la nje ya nchi ajue kwamba atahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS.

Hakuna sababu ya kuchimba mmea huu porini. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka wa 2016 inakataza kuondoa mazao ya msitu wa umma bila kibali. Makaya ya Wamijikenda, ambayo baadhi yake yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2008, yanalindwa pia na miiko ya wazee. Mmea unaotoa ufito mmoja kwa miezi mingi ukichimbwa hapo, pengo lake huchukua miaka kuzibika. Mnunuzi naye anaweza kusaidia kwa kumuuliza muuzaji mche umetoka wapi, na kukataa ule wenye mizizi iliyokatwa ovyo na udongo wa msituni.

Pa kupata ushauri

Kilimo na huduma za afya za kaunti ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka wa 2010. Mkazi mwenye swali kuhusu udongo, wadudu au kitalu anaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi yake. Maswali kuhusu miche ya miti na mimea ya asili yanaweza pia kupelekwa kituo cha KEFRI kilichoko Gede. Anayeona mbu wengi mchana au maji yaliyotuama katika mtaa wake amjulishe afisa wa afya ya umma au mhudumu wa afya wa jamii.

Kwa wiki hii, kila nyumba yenye chungu cha maua inaombwa kufanya mambo matatu yasiyogharimu chochote: kukita kijiti udongoni kabla ya kumwagilia, kusugua kisahani, na kuhakikisha kwamba chungu kiko juu ya urefu wa mkono wa mtoto mdogo zaidi nyumbani.